Amana ya Anjeline

Watu wa Busia wakikaa hotelini, chai mbele yao, hupenda kusema kwamba shilingi ya Kenya ilivuka mpaka kwa nguvu zake yenyewe. "Shilingi yetu siku hizi inatembea mpaka Kampala," husema, "mpaka Kigali inajulikana." Yetu! Husema hivyo wakijipiga kifua, utadhani waliibeba wao. Mimi nilikuwapo ilipovuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda changu cha chumvi na sabuni, karibu na kizuizi cha forodha, na ninajua ilipita juu ya mgongo wa nani. Nikisikia mtu anajigamba nayo, natamani kummwagia chai hiyo mapajani.

Jina langu ni Zulaika. Marehemu mume wangu aliniachia kibanda na sifa ya uaminifu, na kati ya hivyo viwili, sifa ndiyo iliyonilisha zaidi. Wanawake wa soko, Waislamu kwa Wakristo, wa huku na wa ng'ambo, walikuwa wakiniwekea pesa zao. Benki iliwatisha, na waume zao waliwatisha zaidi. Kila mmoja alikuja na kitambaa chake. Tulizihesabu pamoja, akafunga fundo kwa mkono wake mwenyewe, nikatia kitambaa kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Siku ya kuchukua, alilifungua fundo mwenyewe akakuta noti zilezile, na mikunjo yake ileile. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha hivyo. Amana haiguswi. Kuna siku nilikosa chenji ya shilingi tano, nikazunguka soko zima kuikopa, na mkebe umejaa noti nyumbani. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia sura yangu, na sura yangu wakati huo ilikuwa bado inatazamika.

Anjeline alianza kuja kwangu mwaka wa sabini na moja. Alikuwa Mteso wa ng'ambo ya mto Malaba, na dada yake alikuwa ameolewa huku kwetu, Chakol, kwa hiyo njia zote mbili alizijua. Siku ya soko alifika na gunia la maharagwe kichwani, wakati mwingine ufuta, ambao wao huuita simsim, akauza, akanunua chumvi na sabuni kwangu, akarudi na mzigo mwingine kichwani palepale. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na shingo iliyokaza kama ya mchukuzi wa stesheni, na siku moja aliishika akaniambia anachotaka.

"Mama, mimi nataka cherehani. Ile ya kukanyaga na mguu. Masista walinifundisha kushona gomesi, ile nguo ndefu ya wanawake wa kwetu. Nikipata hiyo, hii mambo ya kubeba nitaacha."

Cherehani ya kukanyaga ilikuwa shilingi mia sita dukani. Anjeline akaanza kuniwekea kumi kumi, ishirini ishirini, noti za kwao. Wakati ule hakuna aliyejali noti ni za wapi. Picha zilikuwa tofauti, lakini shilingi ilikuwa shilingi. Mteja alinipa noti ya Uganda nikamrudishia sarafu za Kenya, na hakuna kati yetu aliyetazama mara mbili. Kufikia katikati ya sabini na mbili kitambaa chake kilikuwa na mia nne na themanini. Zilibaki mia moja na ishirini tu.

Siku hiyo, alipokuwa anakaza fundo, alisema neno ambalo nimelikumbuka mpaka leo.

"Mama, kama wewe unakosa pesa ya kuleta mali, chukua tu hapa. Tumia. Utanirudishia."

Nilikasirika. Nilimwambia yeye anadhani mimi ni nani, mtu wa kula amana? Akaomba msamaha. Fikiria hilo: yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Mwaka huohuo serikali ya kule iliwapa Wahindi wenye maduka siku tisini wafunge virago. Tuliwaona wakipita na masanduku yao. Maduka yakagawiwa watu ambao hawakujua chumvi inaagizwa wapi, na baada ya miezi michache chumvi ikaisha. Ikafuata sabuni, kisha sukari, kisha mafuta ya taa. Watu wa ng'ambo wakaanza kumiminika kwetu na mafungu ya noti, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliuza kwa wiki moja nilichozoea kuuza kwa mwezi.

Kisha asubuhi moja mwaka wa sabini na tatu nilikwenda kwa Osman kuchukua mali. Osman ni mdogo wa marehemu mume wangu, mwenye duka la jumla lenye milango ya kijani, barabara kuu. Nilimwekea pesa mezani. Akazichambua kama mtu anayechagua mchele, za Kenya upande huu, za Uganda upande ule, kisha zile za Uganda akazisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Shemeji, hizi sichukui tena."

"Kwani zina ukoma?"

"Mtu wangu wa Kisumu amezikataa. Akikataa yeye, mimi nitapeleka wapi?"

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilimwambia ana roho ya chuma, kwamba wale wanawake hawana pesa nyingine, watapata wapi za Kenya? Nilipomaliza nilirudi kibandani, na mteja wa kwanza kuninyooshea noti ya kule nilimwambia sichukui. Na wa pili. Na wa tatu, mwenye mtoto mgongoni. Nilikuwa bado na hasira dhidi ya Osman, na mdomo wangu tayari ulikuwa unasema maneno yake.

Hivyo ndivyo ilivyovuka. Hakuna tangazo lililosomwa redioni, wala mkubwa aliyetia sahihi. Mtu wa Kisumu alimkatalia Osman, Osman akanikatalia mimi, nami nikawakatalia wanawake. Ojiambo wa baiskeli, aliyevusha watu kutoka kizuizi hadi kizuizi, akataka ya Kenya, kwa sababu tairi lake lilinunuliwa kwa ya Kenya. Madereva wa malori pale Malaba wakalala ng'ambo na kula ng'ambo, lakini wakalipa kwa noti za huku, na wenye vyumba wakaanza kuwafungulia mlango wao kwanza. Mwisho nikasikia jambo nililolikataa mpaka nilipoambiwa na watu watatu. Sokoni Tororo, hukohuko ng'ambo, muuza ndizi alikuwa anamdai jirani yake pesa ya Kenya. Jirani yake, wa lugha moja, wa kisima kimoja! Alijua kesho atataka chumvi, na chumvi ilikuwa kwetu.

Na askari wa kule, wale wenye mshahara wa noti zilezile, walisimamisha watu njiani kuwapekua pesa ya magendo. Wakiikuta ya Kenya waliitia mfukoni, ya kwao wakamrudishia mtu pamoja na kofi. Hapo nikajua pesa ile imekufa. Askari wake mwenyewe hakutaka hongo yake.

Osman alinishauri mapema. Mwaka wa sabini na nne, mbili za kule zilikuwa zinabadilishwa kwa moja ya huku, na alikuja nyumbani kwangu mchana, akakaa, akanywa uji wangu.

"Shemeji, ile amana ya mama Mteso. Badilisha sasa, wakati bado unapata nusu."

"Amana haiguswi."

"Itaoza."

"Ioze ikiwa nzima," nikamjibu, na nikaliona jibu langu zuri sana.

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikumwuliza mwenyewe. Mwaka ule hakuonekana, mumewe alikuwa mgonjwa. Lakini sabini na tano alikuja mara mbili, na maharagwe nusu gunia, amekonda. Nilimpa chai. Nilimwuliza habari za mume, za shamba, za dada yake. Habari za pesa yake sikumwambia. Nilijisemea labda itapona, serikali hubadilika. Hiyo si kweli. Nilikuwa naona haya kumwambia kwamba kitu chake kimeharibika mkononi mwangu, mimi Zulaika nisiyegusa cha mtu. Naye kukichukua aliogopa, kwa sababu ya wale askari wa njiani, ambao kwao fungu lolote la pesa lilikuwa sababu ya kipigo. Basi kitambaa kikabaki kwenye mkebe, fundo limekaza.

Sasa sikiliza kilichomleta. Mwanzoni mwa sabini na saba, mzee Emojong, mfanyabiashara wa ng'ombe wa kijijini kwa Anjeline, alikwenda kwa Osman kudai amana yake. Alikuwa ameweka mia tano mwaka wa sabini na mbili, za Uganda, kama Anjeline. Osman hakuzifunga kwenye kitambaa chochote. Siku ileile alipopewa alizinunulia mablanketi, akayauza, akanunua chumvi, akaiuza, na miaka mitano pesa ya Emojong ilikuwa inazunguka kwenye duka lake na kuzaa. Emojong alipofika, Osman alimhesabia mia tano za Kenya bila kukunja uso. Kilichobaki, na kilikuwa mara kadhaa ya hiyo, kilibaki kwake. Mzee alitoka dukani analia kwa furaha. Alimshika kila mtu mkono akimwambia Busia kuna Mwislamu mmoja mwaminifu, anaitwa Osman.

Nilisikia haya nikiwa kibandani, na nikala chakula cha mchana bila kujua ninakula nini.

Siku ya soko iliyofuata Anjeline alikuja. Hakuwa na gunia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila mzigo kichwani, na alitembea kama mtu asiyejua aweke wapi mikono. Alikuwa amevaa gomesi ya kanisani. Nyuma yake alikuwa Ojiambo na baiskeli, na kwenye kibebeo kulikuwa na kamba mpya ya katani.

"Mama, leo nimekuja kuchukua," akasema, na akacheka, mtu ambaye sikumbuki kama nilishawahi kuona meno yake yote. "Cherehani imefika mia tisa. Nimeuza mtamba. Nimepata mia nne hamsini, ya hapa Kenya. Na ile yangu mia nne themanini. Inatosha, na soda ya Ojiambo itatoka. Nitaweka kwa dada yangu Chakol, nishone huko. Kuvuka nimechoka, mama. Ile wiki imepita askari walinilalisha chini kwa barabara."

Nilikwenda nyumbani kuchukua mkebe. Nilitembea polepole na bado nilifika haraka. Niliporudi nilimwekea kitambaa mbele yake, juu ya gunia la chumvi. Akalifungua fundo kwa meno kwa sababu lilikuwa limekauka. Noti zikatoka safi, hazina hata alama ya kidole.

Alizitazama. Akanitazama mimi.

"Hizi ni zile?"

"Ni zilezile."

"Zile nilikupatia?"

"Sikugusa hata moja, Anjeline. Naapa."

"Lakini mzee Emojong alipewa za Kenya."

"Osman alizitumia. Aliifanyia biashara pesa ya mzee."

Akazipanga zile noti, pembe kwa pembe. Sasa zilikuwa zinabadilishwa tano kwa moja, akikubali mtu. Mia nne na themanini zake hazikufika hata mia moja ya huku.

"Mimi nilikuambia utumie," akasema. Hakupaza sauti. "Ulinigombeza."

Ningependa angenitukana. Nilimshika mkono nikamvuta hadi kwa mwalimu Yahya, pale madrasa, nikamweleza yote mbele yake, mbele ya watoto na mbao zao. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akanipongeza. Ndiyo, akanipongeza! Akasema nimerudisha kilekile nilichopewa, sikuongeza wala kupunguza, na mbele ya Mungu sina deni.

"Mimi sijakuuliza habari ya deni langu," nikamwambia. "Nakuuliza cherehani yake iko wapi."

"Mama Zulaika, thamani ya pesa haiko mikononi mwetu."

Iko mikononi mwa nani basi? Ijumaa iliyotangulia yeye mwenyewe alikuwa amewaomba watu wasitie noti za kule kwenye kasha la sadaka, kwa kuwa fundi wa mabati hazitaki. Nilimkumbusha. Watoto wakaacha kusoma. Sauti yangu ilikuwa imefika barabarani na sikuona haya hata kidogo. Nilimwambia mtu aliyekula amana anabebwa juu na mji mzima, na aliyeilinda anaambiwa hana dhambi, na mwenye jasho lake anarudi mikono mitupu, na hayo anayaita haki? Akasema subira. Nikamwacha na subira yake.

Kutoka hapo nikaingia kwa Osman, Anjeline akinifuata kwa sababu nilikuwa bado nimemshika mkono. Nikamwomba shemeji yangu anikopeshe mia nne na themanini. Akasema mali yote iko barabarani. Nyuma yake magunia ya kahawa ya ng'ambo yalikuwa yamefika darini, kahawa iliyovushwa usiku na watu kama Anjeline, kwa migongo yao.

"Lakini hizo noti zake naweza kuwachukulia," akasema. "Kuna mkulima mmoja mmoja ndani kule bado anazipokea kwa kahawa. Wengine watawapa tano kwa moja. Mimi ninunue sita kwa moja."

"Sita? Wewe ununue kwa bei mbaya kuliko soko?"

"Shemeji, soko hawachukui fungu kubwa hivi. Nawasaidia kwa sababu ni watu wa nyumbani."

Nilimtemea mate mlangoni. Sijutii.

Kibandani nilifungua droo nikatoa yote niliyouza siku hiyo, shilingi sitini na kitu, nikaburuta na katoni mbili za sabuni kutoka chini ya meza. Nikamwambia chukua. Uza ng'ambo, sabuni kule ni dhahabu, kisha njoo nitakupa nyingine, mpaka cherehani itimie. Nilikuwa nasema haraka haraka. Nilikuwa nalia pia, kwa hasira.

Anjeline aliziangalia zile katoni.

"Hii mtu anabeba na nini, mama?" akauliza. "Si ni kichwa? Mimi nilikuja kuacha kubeba."

Pesa zangu hakuzichukua, wala sabuni. Zile noti zake akazirudisha kwenye kitambaa, akafunga fundo, akaniwekea mkononi.

"Hizi weka tu."

Ojiambo alikuwa amekwisha kuifungua kamba mpya kutoka kwenye kibebeo, anaiviringisha taratibu, hamtazami mtu. Anjeline akaingiza mkono kifuani mwa gomesi, akagusa zile mia nne na hamsini za mtamba kuhakikisha zipo. Nilielewa anachofikiri. Hakuweza kurudi nazo ng'ambo, wiki iliyopita tu askari walikuwa wamemlaza chini. Nikaupanguza mkebe kwa upindo wa leso, nikaufungua kifuniko, nikamnyooshea azitie humo.

Akatikisa kichwa, akaanza kutembea. Hakuelekea stendi, wala njia ya Chakol. Alipanda barabara kuu, na kabla hajafika kwenye ile milango ya kijani nilijua anakwenda kwa Osman.

"Anjeline!" niliita, soko zima likageuka. "Umesikia mwenyewe alivyotaka kununua noti zako sita kwa moja! Yule ni mtu wa kula amana! Kwa nini yeye na si mimi?"

Alisimama. Alirudi hatua mbili ili asinijibu kwa kelele, kwa sababu hata siku hiyo aliniheshimu.

"Wewe, mama, unatunza sana," akasema.

Akaingia dukani. Nilimsikia Osman akimkaribisha kwa sauti yake ya asali, anaagiza kiti kwa ajili ya mama.

Nikageuka kuuficha mkebe chini ya meza, na mbele ya kibanda alikuwa amesimama mwanamke nisiyemjua, vumbi hadi magotini, ametoka mbali. Alitaka chumvi, robo kilo tu. Alikuwa ameninyooshea noti ya kule, imekunjwa mara nne.

Niliitazama noti ile. Niliutazama mlango wa Osman, ambako ningechukua mali kesho asubuhi.

"Ya Kenya tu, mama," nikamwambia. "Hiyo sichukui."